Achitopu ya jazi: nimwagize fundi, ninunue kuukuu, au Eastman mpya?

MtotoWaNgamiani (Toronto)
Wakuu salaam. Kwetu Tanga, kazi na baridi viko Toronto. Napiga jazi na jamaa wa besi kubwa, wawili tu, kwenye mgahawa mdogo, na siku nyingi hatuchomeki kitu chochote kwenye umeme. Gitaa nililonalo ni la plaiwudi. Besi ikiingia, mimi sisikiki. Nataka gitaa la achitopu ya kweli: uso wa mbao ya sprusi uliochongwa ukabinuka, mgongo na mbavu za mbao ya mepo, matundu mawili ya herufi f. Mfuko wangu unaishia dola elfu tisa za Marekani, na hapo nimejikamua miaka.

Nimebaki na njia tatu. Kuna fundi anayefanya kazi peke yake, bei elfu nane na mia tano bila sanduku. Theluthi kianzio, theluthi akishaunganisha boksi, inayobaki siku ya kuchukua. Foleni yake mwaka na nusu. Kuna Gibson L-7 ya miaka ya 1940, duka linaitaka elfu tano na kitu. Na kuna Eastman AR805 mpya, inayochongwa kwa mkono China, ambayo haifiki nusu ya bei ya fundi.

Waliopita njia hizi naomba mseme. Nawasilisha.

Kijiwe_Nongwa
Elfu nane na mia tano, dola, kwa mbao na nyuzi sita? Mkuu hicho si kiwanja Chanika na msingi umeshamwagwa? Haya, nimevuta kiti, nasubiri wataalamu.

SoloYaZamani (Dar)
Eastman, na wala usikune kichwa. Hao jamaa walianza mwaka 1992 na fidla, na kuchonga uso wa fidla na wa achitopu ni ufundi wa ukoo mmoja. Watu wanaabudu mbao mno. Robert Benedetto, fundi mkubwa kabisa wa achitopu Marekani, aliwahi kuchukua paini ya kujengea nyumba, ina macho kila mahali, akatengeneza gitaa na likaimba vizuri tu. Mkono ndio unaoimba, na mikono hata Beijing ipo. Pesa itakayobaki nunua amplifaya ya maana, uje na likizo nyumbani.

FundiPatasi (Nairobi)
Mimi kazi yangu ni kutengeneza gitaa zilizoharibika, kwa hiyo nitaongea kama mtu anayezifungua.

Mkuu wa Tanga, kuna swali hujalijibu nalo linaamua mengine yote: pikapu, yaani kile kinasa sauti cha kupeleka kwenye amplifaya, itakaa wapi? Umesema hamchomeki. Basi asikubalike mtu kukata shimo usoni. Uso wa achitopu unafanya kazi ya ngozi ya ngoma. Kuzamisha pikapu mbili humo na skrubu zake ni kuikandamiza ngozi kwa viganja huku unataka ivume. Wes Montgomery, gwiji wa gitaa la jazi, alipiga Gibson L-5 yenye pikapu ya kuzamishwa na ikamfaa, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya amplifaya. Freddie Green, aliyeingia bendi ya Count Basie mwaka 1937 na kubaki humo mpaka alipofariki 1987, alipiga kodi zake (nyuzi kadhaa kwa pamoja) bila umeme katikati ya safu nzima ya tarumbeta na saksafoni. Wewe uko upande wa Green. Omba pikapu inayoelea, ile nyembamba inayoshikizwa kwenye ncha ya shingo au kwenye kikinga mikwaruzo, haigusi uso hata kidogo.

Sasa fundi unamlipia nini? Siyo mapambo ya lulu kwenye kichwa cha gitaa. Kiwandani, hata kama mtu anachonga kwa mkono, anachonga kufuata kipimo. Fundi anaanza na kipimo kilekile, takriban milimita 6 katikati na 3 karibu na ukingo, halafu anakiacha na kusikiliza. Anauning'iniza ubao kwa vidole viwili, anaugonga kwa pindi ya kidole, anaondoa maganda kwa randa ya shaba inayoenea kiganjani, anaugonga tena. Sprusi mbili za gogo moja hazilingani ugumu, kwa hiyo moja ataiacha nene na nyingine ataipeleka chini zaidi. Tofauti hiyo inasikika chumba kikiwa kimya na gitaa halina waya. Ukichomeka, sehemu kubwa inapotea, na hapo SoloYaZamani hajakosea.

Muulize pia mihimili ya ndani, vile vijiti vilivyogundishwa chini ya uso. Miwili sambamba inatoa sauti kali inayotangulia, ya kupenya bendi kubwa. Ya msalaba inatoa sauti pana, inayodumu zaidi kidogo. Kwa watu wawili ningechukua msalaba bila kusita.

L-7 ni kazi nzuri ya Kalamazoo, kiwanda cha Gibson cha zama zile, ila ichungulie. Kikinga mikwaruzo cha zama zile ni cha seluloidi, na seluloidi ikianza kuoza inatoa mvuke unaokula chuma. Ukiona skrubu zilizo karibu nacho zimeota ukijani na ukanda wa pembeni unapukutika, tayari kuna bili. Ingiza kioo cha daktari wa meno na kitochi kwenye tundu la f, uangalie kama mihimili imeachia gundi. Gonga mgongo taratibu ukizunguka. Pakilia kama kitu kimelegea, pamelegea. Halafu uliza kama shingo iliwahi kung'olewa na kurudishwa pembe yake. Kazi hiyo haifanywi kwa hela ya nyuzi.

Lubum_Mi (Lubumbashi)
Ndugu zangu, plaiwudi mnaionea. Gibson walipotoa ES-175 mwaka 1949 waliijenga kwa plaiwudi, na kwa mtu wa jukwaani ina faida yake: amplifaya ikipandishwa, gitaa halikimbilii kupiga mluzi. Joe Pass alipiga hiyo. Jim Hall alipiga hiyo. Ila kama kweli ndugu hachomeki, basi nanyamaza.

DadaWaBesi (Maskati)
Assalaam alaikum. Njia ya nne hamjaigusa: achitopu ya fundi iliyokwisha kutumika.

Gitaa za John D'Angelico wa New York zenye namba ni 1,164 tu, naye alifariki 1964. Hizo tuwaachie matajiri. Za Jimmy D'Aquisto, aliyejifunza kwake akafariki 1995, vilevile. Lakini wapo mafundi wengi wenye mkono mzuri na wasio na jina. Gitaa la fundi kama huyo likitoka karakana bei inaporomoka, kwa sababu mnunuzi wa pili hajawahi kumsikia. Hasara ya mwenye mali wa kwanza ndiyo faida yako. Na kikubwa zaidi, la kuagiza hulisikii mpaka umeshamaliza kulipa. Hili unalishika kwanza, ndipo unatoa pesa.

La pili, kama unataka kuruka nalo hadi Tanga, soma orodha ya mbao kabla ya kulipa. Rosiwudi ya Brazil iko Kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1992, huvuki nayo mpaka bila kibali. Kwa ubao wa vidole abunusi inatosha, au mpingo. Mpingo uliingizwa Kiambatisho cha pili mwaka 2017 pamoja na ndugu zake wote wa rosiwudi, lakini vyombo vya muziki vilivyokamilika vikasamehewa kibali 2019.

La tatu, hewa. Hapa kwetu kiyoyozi kinakausha chumba vibaya sana, na hita yako ya Toronto itafanya hivyohivyo Januari: sprusi inapasuka. Mimi sanduku halikosi kipimo cha unyevu, na sitaki kishuke chini ya asilimia 45. Ukifika Tanga mambo yanageuka, uso unavimba na nyuzi zinapanda juu. Daraja la achitopu lina magurudumu mawili madogo ya kulishusha, kwa hiyo hilo usiliogope.

Kijiwe_Nongwa
Yaani mpingo utoke Kilwa, uende Canada, urudi Tanga na risiti ya dola? Sawa, endeleeni.

MtotoWaNgamiani
Dada, umenivurugia mahesabu kwa wema. Nimepekua matangazo usiku kucha: kuna moja imetengenezwa Quebec, fundi simjui, upana inchi 17, mihimili ya msalaba, pikapu inayoelea, elfu nne na mia sita. Muuzaji anakaa mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Tatizo shingo: pale kwenye kizingiti cha nyuzi ni inchi 1 na robo tatu, mimi vidole vyangu vimezoea nyembamba zaidi. Ningekuwa naagiza, ningemwambia tu fundi akate ninavyotaka.

FundiPatasi
Hapo ndipo kuagiza kunapopata haki yake: shingo, wala si mbao. Ila tofauti yako pengine ni moja ya kumi na sita ya inchi. Piga nusu saa nzima, kodi za kunyoosha vidole, ndipo mkono useme. Uliza pia ina nyuzi gani. Kama amefunga nyembamba, utaisikia hafifu ukaihukumu bure. Omba kufunga seti ya 13, yaani nyuzi nene, uliyonunua mwenyewe.

Na usiende peke yako. Achitopu inarusha sauti mbele, anayeipiga anapata masalia. Mwenzako apige, wewe usimame upande wa pili wa chumba.

SoloYaZamani
Na ukirudi pitia duka lenye Eastman siku hiyohiyo, masikio yakiwa bado ya moto. Fumba macho, mwenzako apige. Ikishindwa, nitakuja hapa niseme nimeshindwa.

MtotoWaNgamiani
Mwenzangu amekubali kwenda Jumamosi, sharti nimlipie chakula cha mchana na besi yake ipate siti ya nyuma. Sijui mke wa muuzaji atatupokeaje sebuleni.

Kijiwe_Nongwa
Picha, mkuu. Za gitaa na za huyo mama akiona besi inaingia mlangoni.