Saiprasi zilizokomaa ndani ya msitu wa umma: zikatwe au ziachwe?

Mkazi wa Molo (swali)

Ndugu wanajukwaa, ninaishi kando ya msitu wa serikali upande wa Mau Mashariki, na kwa mwezi mzima sasa kijiji chetu hakisemezani vizuri. Kuna kipande cha saiprasi kilichopandwa nikiwa bado shule ya msingi. Miti yake imenyooka, na nikiuzungushia mmoja mikono, vidole vyangu hugusana kwa shida. Tumesikia kwamba kitauzwa kwa wapasua mbao. Vijana wanaoishi kwa kupakia magogo wamefurahi. Wazee, ambao hawajasahau jinsi mwaka wa 2001 maelfu ya hekta za Mau zilivyoondolewa katika hifadhi ili zigawiwe watu, wanasema msumeno ukishaingia mchana hutafuta njia ya kurudi usiku.

Mimi mwenyewe nina kishamba cha viazi chini ya mpango wa PELIS, unaoturuhusu kulima katikati ya miche michanga kwa miaka mitatu hivi, hadi matawi yafunge na kivuli kitufukuze, kwa hiyo ningetarajiwa kushabikia ukataji. Lakini majuzi, katika kipande jirani kilichokatwa zamani kidogo, nilishika mche wa saiprasi kwa vidole viwili ukang'oka bila ubishi. Juu ulikuwa wa kijani kabisa. Chini mizizi ilikuwa imekatwa kwa jembe, mkato mmoja safi, na udongo ukarudishwa. Mwenye shamba hakutaka kivuli kimfikie. Nauliza basi: kuna faida gani kuacha miti ya kigeni izeeke msituni, na kama itakatwa, tudai nini kabla mti wa kwanza haujaanguka?

Mpasua mbao, Elburgon

Ndugu yangu wa Molo, nitasema waziwazi kwamba mkate wangu unatoka kwenye magogo, ili usije ukanishuku baadaye. Saiprasi hiyo haikuota yenyewe. Ilipandwa ivunwe, na kwa kawaida huvunwa ikiwa na miaka 25 hadi 30. Ikipitiliza, moyo wake huanza kuoza, upepo huiangusha, na vidukari walioingia Kenya mwaka wa 1990 hupata pa kukaa. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma ilipotangazwa Februari 2018 tuliambiwa ni ya siku 90. Ikaongezwa mara kwa mara, na haikuwa hadi Julai 2023 ambapo Rais alitangaza, tena huko kwenu Molo, kwamba inaondolewa, kisha jambo likafika mahakamani. Katika miaka hiyo watu wa Nakuru hawakuacha kuezeka nyumba. Walinunua mbao za Tanzania, wakati mashine zetu zilishika kutu na miti yetu ikiangukia humu humu. Sioni ni msitu gani uliookolewa kwa namna hiyo.

Kuhusu mche uliokatwa mizizi huna mabishano nami. Huo ni wizi, hata kama hakuna aliyebeba kitu.

Mjukuu wa Shinyalu

Naomba tutofautishe mambo mawili ambayo katika mabaraza yetu huchanganywa hadi watu wanakosana bure. Hapa Kakamega msitu ni mmoja kwa macho, lakini upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa iliyo chini ya KWS, shirika la wanyamapori, tangu 1985, na kuni hazitoki huko hata zilizokauka. Upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya KFS, shirika la misitu, na akina mama hulipa ada na kubeba kuni zilizoanguka. Bibi yangu alikuwa akisema msitu una sheria mbili na moshi mmoja. Mtu akiuliza tu kama "msitu ukatwe", mimi humwuliza kwanza ni upande gani, na ni mti gani.

Hata hivyo, Mzee wa mbao, sikubali kwamba kipande kikishapandwa na mkono wa mtu basi ni shamba tu. Huku kwetu kuna sehemu zilizowahi kufyekwa na leo zimejaa mipera. Mbega hupita humo na ndege hula matunda, lakini miti ya kiasili inachukua muda mrefu mno kurudi. Ukikata saiprasi yako na kuacha ardhi wazi kwa misimu miwili, hujui kitakachoota.

Askari mstaafu wa msitu, Kericho

Nimelinda misitu ya kupandwa na ya kiasili, na sijawahi kuona ugomvi mkubwa ukitokea katikati ya kipande. Hutokea ukingoni, mahali saiprasi inapokutana na miti ya kiasili kama mtarakwa, podo na mzeituni mwitu, hasa kwenye mabonde ya mito. Lori halali likiingia kuchukua saiprasi, gogo la mtarakwa hulazwa chini kabisa. Tulijifunza kutazama unga wa mbao barabarani: wa saiprasi ni mweupe unaoelekea manjano, wa mtarakwa ni mwekundu na harufu yake hukaa puani hadi jioni.

Kwa hiyo, kijana wangu, chama chenu cha misitu cha jamii kiombe kuona mpango wa usimamizi, kwa sababu Sheria ya Misitu ya 2016 inataka kila msitu wa umma uwe nao. Mtembee mpaka wa kipande pamoja na afisa kabla ya kukata, mhesabu miti iliyotiwa alama, mwandike idadi kwenye daftari lenu wenyewe, na baadaye mhesabu visiki. Ukanda wa kando ya mto usiguswe. Mto Njoro unateremka kutoka Mau hadi Ziwa Nakuru, na matope yenu huishia huko. La mwisho ni gumu zaidi, kwa kuwa linawahusu nyinyi: mkulima ambaye miche yake imekufa asipewe kishamba kingine, awe shemeji wa mwenyekiti au asiwe.

Mkazi wa Molo

Nashukuru, Mzee, na wengine wote. Nimesoma jibu lako la mwisho kwa sauti kwenye kikao cha jana na pakawa kimya, kwa maana shemeji wa mwenyekiti alikuwa ameketi mstari wa mbele. Tumekubaliana kutembea mpaka Jumamosi. Daftari nimelinunua mimi.