Tupeane uzoefu: enzi za modemu ulipiga BBS kwa programu gani, na laini ilikutendea nini?

ModemuKongwe (Nairobi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu nimetamani kuufungua tangu Ward Christensen alipofariki, Oktoba 2024. Ndiye aliyeandika XMODEM, kanuni ya kutumiana faili kwa simu, mwaka 1977, na Februari 1978 yeye na Randy Suess wakaiwasha CBBS kule Chicago, BBS yaani ubao wa matangazo wa kwenye kompyuta, ambako watu walipiga simu kwa modemu (kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu), wakasoma ujumbe wa wenzao na kuacha wa kwao.

BBS zenyewe zimeandikwa sana. Kinachosahaulika ni programu iliyokuwa upande wetu sisi wapigaji: Telix, Procomm, Qmodem, na ZTerm kwa wenye Macintosh. Kwa watu wa huku, ambako kila dakika ya simu ililipiwa na laini zilikuwa mbovu, programu ile ndiyo iliyoamua kama utapata kitu au utalipia kelele. Naomba kila mwenye kumbukumbu aseme: ulitumia ipi, wapi, na ilikufaa nini.

Naanza mimi. Nilikuwa kwenye shirika dogo la mazingira hapa Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Barua pepe zetu zilipitia kituo cha FidoNet pale ELCI, kituo cha kuunganisha mashirika ya mazingira. FidoNet, aliyoianzisha Tom Jennings mwaka 1984, ni kompyuta kupigiana simu, kubadilishana furushi la barua, kisha kukata. Mtandao wa GreenNet wa London ndio uliopiga kuja Afrika, kwa kuwa dakika kutoka Uingereza ilikuwa nafuu kuliko dakika kutoka huku.

Modemu yetu ilipofika ilikataa kabisa kupiga. Kila mara: NO DIALTONE. Ukiinua simu, mlio unausikia vizuri, ila haukuwa mlio ambao modemu ya Kimarekani ilitengenezwa kuutambua. Dawa ilikuwa herufi chache. Unaingia kwenye mipangilio ya Telix, kwenye amri za kuamshia modemu unaongeza X3, nayo haisubiri mlio tena. Halafu badala ya ATDT unaweka ATDP, maana mitambo ya simu ya mtaa wetu haikuelewa toni, ilitaka mipigo. Baada ya hapo ukibonyeza Alt-D na kuchagua namba, unaisikia modemu ikigonga tarakimu moja moja, saba ikigongwa mara saba. Ofisi nzima ilinyamaza kusikiliza. Na neno CONNECT 2400 likitokea, watu wanashangilia.

Mtoro wa Missouri

Mkuu, umenirudisha mbali sana. Mimi nilikuwa mwanafunzi Columbia, Missouri, mji uleule wa kampuni ya Datastorm waliotengeneza Procomm, kwa hiyo pale karibu kila mtu alikuwa nayo.

Marekani hesabu ilikuwa tofauti. Simu ya ndani ya mji ililipiwa kiwango kimoja kwa mwezi, ukae hewani dakika mbili au usiku kucha. Ndiyo maana BBS zilijaa kule, nyingine ni kijana na kompyuta yake chumbani. Shida yetu ilikuwa foleni. BBS yenye laini moja humhudumia mtu mmoja, wengine wote wanaona BUSY. Hapo ndipo nilipoipenda Procomm Plus: unaweka alama kwenye namba kadhaa za kwenye orodha, nayo inazizungukia yenyewe mpaka moja ipokee. Mimi huku naosha vyombo.

Jambo jingine ni *70. Simu ya nyumba yetu ilikuwa na huduma ya kukujulisha kwamba kuna mtu mwingine anakupigia, na ule mlio wake ulitosha kukata modemu. Ukiandika *70 na mkato kabla ya namba, huduma inazimwa kwa simu ile moja. Nilikuwa nashusha faili usiku, mama yangu akipiga kutoka Tanga anakuta laini ina shughuli. Tulikubaliana awe anapiga Jumapili asubuhi, na Jumapili asubuhi modemu sikuigusa.

Kizazi Kipya

Wazee wangu, shikamooni. Naomba kuuliza, hiyo 2400 ni kasi gani kwa lugha ya leo?

ModemuKongwe (Nairobi)

Marahaba. Ni biti 2400 kwa sekunde, yaani kama herufi 240, kwa sababu kila herufi ilibebwa na biti kumi pamoja na za kuanzia na kumalizia. Skrini ya DOS (mfumo wa kompyuta za enzi zile) yenye herufi 80 kwa mistari 25 ilichukua zaidi ya sekunde nane kujaa, ukiisoma huku inaandikwa. Faili ya kilobaiti 100 ni dakika saba na ushee, laini ikiwa na adabu.

Wa Kampala Road

Laini ikiwa na adabu! Mkuu umesema. Sisi tulikuwa na ofisi kuu Kampala na tawi Jinja. Vituo vya barua kama MUKLA pale Makerere vilikuwepo, lakini hesabu za tawi tulitaka zifike moja kwa moja. Telix ilikuja na skripti ya kuigeuza kompyuta yako kuwa mwenyeji: unaiacha imewashwa, mwenzako anapiga, anaweka nenosiri, anaacha faili na kuondoka. Ukitazama, ni kiBBS kidogo cha watu wawili.

Mwanzoni tulitumia XMODEM. Ile hutuma kipande cha baiti 128, inasimama kungoja upande wa pili ujibu kwamba kimefika salama, ndipo itume kingine. Mvua ikinyesha, skrini inajaa mabano na alama za ajabu, kisha NO CARRIER, yaani laini imekatika. Ukipiga tena unaanza na kipande cha kwanza, na hiyo ni simu ya mji kwa mji, mita inasoma.

ZMODEM ndiyo iliyotuokoa. Chuck Forsberg aliitoa mwaka 1986. Haisimami kila kipande, inamimina tu na kurudia palipoharibika. Na simu ikikatika katikati, ukipiga tena inaendelea palepale ilipoishia. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote kwangu. Mwezi wa mvua faili moja ingeweza kufika kwa simu kadhaa zilizokatika, na bado ikafunguka ikiwa nzima. Aliyetumia programu isiyoijua ZMODEM atakumbuka alichokiona mwenzake akianza kutuma:

B00000000000000

Telix ilipoona herufi hizo ilifungua dirisha la kupokea yenyewe, hubonyezi kitu. Mhasibu wetu wa Jinja hakupenda kompyuta, lakini hii aliiamini.

Fundi wa Upanga

Mimi nilikuwa fundi Dar, nafunga modemu kwenye ofisi za watu, zikiwemo za madaktari waliokuwa wakipata makala za tiba kupitia mtandao wa HealthNet. Lawama nyingi walizotupiwa Telix na Procomm hazikuwa zao. Mteja anasema programu mbovu, ikiunganisha tu kipanya kinaganda. Unafungua kasha, unakuta modemu ya ndani imewekwa COM3 na kipanya kiko COM1 (COM ni poti za kuunganishia vifaa). Poti hizo mbili zinagombea IRQ 4, njia moja ya kuishtua kompyuta. Unahamisha vijiti vidogo kwenye kadi, modemu inakwenda COM2, unaiambia Telix, kazi imekwisha. Nawaheshimu sana walioandika programu zile. Zilikaa kwenye disketi moja na zilikueleza wazi modemu imesema nini.

Kizazi Kipya

Asanteni sana. Nikitaka kuionja leo bila modemu wala laini ya mezani, inawezekana?

Mtoro wa Missouri

Inawezekana, mdogo wangu, mimi nafanya hivyo mpaka sasa. Njia rahisi ni SyncTERM: inaunganisha kwa telnet, yaani kupitia intaneti, ina orodha ya BBS, na unaweza kuipunguza kasi mpaka 2400 uone herufi zikitambaa. Ukitaka Telix yenyewe, weka DOSBox (programu inayoiga kompyuta ya DOS), kwenye faili ya mipangilio andika serial1=modem, ndani ya Telix chagua COM1. Kisha andika ATDT ikifuatiwa na anwani ya BBS mahali pa namba ya simu. Ukiona mishale na tarakimu za mabano badala ya rangi, terminali yako imewekwa TTY (maandishi matupu), ibadilishe iwe ANSI (yenye rangi). Ukikwama, andika hapahapa, nitakujibu.