Waholanzi walishindwaje Aceh mwaka 1873?

Swali
Wakuu habari zenu. Hivi ilikuwaje Waholanzi wakaenda na manowari kuupiga usultani wa Aceh, kule kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra, Indonesia ya leo, halafu wakarudi mikono mitupu? Askari kama 3,000, mizinga ya meli juu, bado wakatimuliwa. Sielewi kabisa.

Jibu 1
Mkuu, dharau iliwaponza. Aceh ilikuwa tajiri wa pilipili manga, na 1871 Mwingereza akasaini mkataba wa kumwachia Mholanzi Sumatra, wenye nchi hata hawakuulizwa! Machi 26, 1873 wakatangaza vita, Aprili wakashuka ufukweni na hata ngome ya sultani ilipo hawakuijua vizuri. Msikiti mkuu wa Baiturrahman wakaudhani ndo ngome, wakauchoma, wakauteka, wakauacha, halafu ikabidi waurudie tena kwa damu. Aprili 14 kamanda wao Jenerali Köhler kasimama uwanjani pa msikiti chini ya mti, risasi ya Mwaceh ikamlaza palepale. Mwezi haujaisha wakawa wamerudi melini. Mimi naona ukishachoma msikiti wa watu usitegemee wakupishe njia.

Jibu 2
Naongezea tu, watu wengi wanaishia hapo na hapo ndo kwanza mambo yanaanza. Mwisho wa mwaka uleule walirudi na Jenerali van Swieten, safari hii zaidi ya 8,000, na kipindupindu kikiwa nao humo humo melini. Januari 24, 1874 wakaingia ikulu wakakuta tupu, sultani Mahmud Syah kashahama na muda si mrefu kipindupindu kikamuua. Van Swieten akatangaza kashinda. Kashinda nini wakati sultani aliyefuata, Muhammad Daud Syah, kajisalimisha 1903, miaka karibu 30, na hata hapo watu wa vijijini waliendelea kupigana? Ukifika Banda Aceh, mji mkuu wa Aceh, pale makaburi ya Peucut, wanajeshi zaidi ya 2,000 wamelala, majina yamechongwa ukutani getini.

Aliyeuliza
Asanteni sana wakuu. Kumbe Köhler alikufa msikitini kabisa. Na nimesikia kulikuwa na Waafrika upande wa Mholanzi, kweli?

Jibu 2
Kweli, inauma lakini ndo hivyo. Waliwachukua pwani ya Ghana, Elmina, wakawapeleka kisiwa cha Java kuwa askari wao. Mmoja anaitwa Jan Kooi, huyo alipewa nishani kwa kupigana Aceh.