Mafundi wa websaiti, nani kawadanganya kwamba herufi nyeupe zinasomeka juu ya picha ya mawingu?

Habari za muda huu wakuu. Mods, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa websaiti za Bongo. Ule siku hizi umejaa watu wanaouza hostingi.

Mdogo wangu kapata chuo. Chuo gani sisemi, sitafuti kesi. Fomu ya kujiunga inasema utaratibu wa kulipa ada upo kwenye websaiti yao. Haya. Nafungua kwenye simu, nipo kituoni nasubiri gari, jua la saa saba. Nakutana na picha kubwa ya mahafali: chini majoho meusi, katikati mashati meupe ya wazazi, juu anga lote jeupe. Maelekezo ya malipo wameyaandika hapo hapo juu ya picha, kwa herufi nyeupe, nyembamba. Namba ya akaunti inaanzia kwenye joho, inasomeka vizuri. Inapita kwenye shati la mzee wa watu, unaanza kubahatisha. Ikifika angani imekwisha. Tarehe ya mwisho ya kulipa ni 13 au 18, chagua unayoipenda.

Nikawapigia. Dada wa mapokezi, mstaarabu kabisa, akanijibu, "Kaka, mbona hapa kwetu inaonekana vizuri tu?"

Ndiyo, kwao inaonekana. Kwao kuna kompyuta ya mezani, kioo kipana, mapazia yameshushwa, feni inazunguka. Aliyewatengenezea aliwaonyesha kazi kwenye kioo hicho hicho, wakasifia, wakalipa, akaondoka. Hakuna hata mmoja wao aliyetoka nje na simu ya kawaida, mwanga wa kioo umepunguzwa ili chaji ifike jioni, akajaribu kusoma namba ambayo mtu anaenda kuitumia fedha.

Sina ugomvi na picha. Weka picha ya mahafali, weka ya Mkuu wa Chuo, weka hata ya geti kama mnalipenda sana. Ninachokataa ni kuchukua kitu ambacho msomaji LAZIMA akisome, iwe bei, tarehe au namba ya kulipia, na kukilaza juu ya picha eti kwa sababu templeti, ule muundo wa ukurasa uliotengenezwa tayari, ilikuja hivyo. Templeti ilikuja na picha ya mlima, giza la jioni, na maneno mawili makubwa meupe katikati. Ilipendeza kwa sababu aliyeibuni aliichagua ile picha akijua nini kitakaa juu yake. Wewe ukatoa mlima ukaweka mchana kweupe, ukatoa maneno mawili ukaweka aya tatu, kisha hukugusa kitu kingine chochote. Halafu kwenye ankara unaandika "ubunifu".

Na asije mtu hapa kuniambia haya ni mambo ya ladha. Yana hesabu, na hesabu yenyewe ipo hadharani tangu Desemba 2008, W3C, wale wanaoweka viwango vya wavuti, walipotoa toleo la 2.0 la WCAG, mwongozo wao wa ufikivu, yaani kurasa ziweze kutumiwa na kila mtu, hata mwenye uoni hafifu. Unalinganisha mng'ao wa herufi na mng'ao wa kilicho nyuma yake. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, huwezi kupata zaidi. Nyeupe juu ya nyeupe ni 1 kwa 1, yaani hakuna kitu. Maandishi ya kawaida hayatakiwi kushuka chini ya 4.5 kwa 1. Makubwa, kuanzia pointi 18, au 14 kama ni manene, angalau 3 kwa 1. Hiyo 4.5 hawakuiokota njiani. Waliiweka ili kufidia uoni uliopungua hadi kufikia kama 20/40 (unaona kwa futi 20 kile ambacho mwenye macho mazima anakiona kwa futi 40), ambao ndio uoni wa kawaida wa mtu wa miaka 80 hivi. Babu anayemlipia mjukuu ada walishamweka kwenye hesabu. Wewe ndiye uliyemtoa.

Picha ina ujanja wake mmoja: haina rangi moja. Mtu anapima herufi nyeupe kwenye joho jeusi, anapata alama nzuri, anafunga laptopu. Pima pale palipo peupe kuliko pote chini ya herufi zako! Tarakimu moja ikipotea kwenye namba ya akaunti, namba nzima imepotea, hakuna alama za nusu nusu. Na usitegemee zile programu za kukagua ukurasa. Nyingi zikikuta maandishi juu ya picha zinashindwa kutoa hukumu, zinakuandikia "kagua mwenyewe". Wewe ukaona hakuna alama nyekundu, ukajua umefaulu.

Sasa kinachonichefua zaidi ni kwamba dawa yake haifiki hata dakika tano. Unaweka utando mweusi kati ya picha na maandishi. Chukua hali mbaya kuliko zote, picha iwe nyeupe tupu. Utando wa asilimia 30 unakupa kijivu ambacho herufi nyeupe juu yake inapata kama 2.1 kwa 1. Umefeli. Asilimia 50 inakupa 3.95, kwa maandishi ya kawaida bado umefeli, ingawa hapo ndipo wengi wanapoishia kwa sababu "nusu" inasikika kama kiasi cha haki. Asilimia 60 inakupa 5.74. Umepita, na picha bado inaonekana. Uzuri wake ni kwamba huhitaji tena kujua mteja atabandika picha gani mwakani. Abandike hata karatasi nyeupe, maneno yatasomeka. Nawaandikia kabisa kwa CSS, ile lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa, nakilini (0.6 ndiyo asilimia 60):

background-color: #222;
background-image: linear-gradient(rgba(0,0,0,0.6), rgba(0,0,0,0.6)), url(mahafali.jpg);

Huo mstari wa kwanza msiufute mkidhani ni pambo. Picha haishuki papo hapo. Mtandao ukiwa mzito, au bando likikata katikati, picha haipo lakini maandishi yameshafika, na ni meupe, juu ya ukurasa mweupe. Msomaji anaona ukurasa mtupu anadhani websaiti imekufa. Nimekaa hivyo mara nyingi tu, nasubiri picha ya MB kadhaa iliyotolewa kwenye kamera na kupandishwa ilivyo, ishuke ili nisome sentensi ambayo yenyewe haifiki hata nusu KB. Bando ni langu mimi, si la mbunifu.

Kuna kundi lingine limesikia habari za kufifisha, basi wanaandika opacity: 0.5 kwenye boksi zima. Ndugu zangu, hiyo inafifisha boksi na kila kilichomo, maandishi yakiwemo! Umetaka kuokoa maneno, umeyazamisha pamoja na picha.

Wengine wanaweka ukungu (blur) nyuma ya maandishi wanaona wamemaliza. Ukungu unapunguza fujo ya picha, hilo nakubali, lakini haupunguzi mwanga wake. Anga jeupe lenye ukungu ni jeupe vile vile.

Halafu simu. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo uhuni mwingi unapofanyika. Kwenye laptopu umepanga vizuri, watu upande wa kulia, upande wa kushoto ukuta mtulivu, maneno umeyaweka ukutani. Safi. Ila umeandika background-size: cover. Maana yake picha ijaze boksi lote, kinachozidi kikatwe. Picha ya 16 kwa 9 ikiingia kwenye simu iliyosimamishwa ya 9 kwa 16, kinachobaki kuonekana ni kama asilimia 32 ya upana wake. Chini ya theluthi! Ukuta wako mtulivu umeshatoka nje ya kioo, na maneno sasa yamelala juu ya nyuso za watu. Nimeona picha ya kiongozi mmoja ambaye neno "KARIBU" limempita machoni kama kitambaa. Kwenye simu weka picha juu, maandishi chini yake kwenye rangi moja, basi. Hujapungukiwa kitu.

Slaida zinazojigeuza sizizungumzii sana, nitaumwa. Picha tano, rangi ya maandishi moja, mbili zinasomeka, tatu hazisomeki, na hata hizo mbili zinaondoka kabla hujamaliza mstari.

Sasa wale wa mabango. Hawa hawaweki hata maandishi juu ya picha, wanayachoma NDANI ya picha. Lile tangazo lililotengenezwa kwa ajili ya magrupu ya WhatsApp linachukuliwa lilivyo linapandishwa kuwa ukurasa wa kwanza. Bango la pikseli 1200 kwa upana, herufi za pikseli 24. Likibanwa likae kwenye simu ya upana wa 360, herufi zinabaki pikseli 7. Ukilivuta kulikuza unakuta uchafu umezunguka kila herufi, kwa sababu JPEG inakata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa vitu vidogo vidogo, na kingo kali za herufi ndizo zinazoumia kwanza. Namba ya simu huwezi kuinakili. Mtu asiyeona anayetumia TalkBack, programu ya simu za Android inayosoma kioo kwa sauti, anasomewa "picha", basi, kamaliza. Ukimtafuta huyo mtu wa bango Google kwa maneno yaliyo kwenye bango lake humpati, kisha yeye huyo huyo analalamika websaiti haileti wateja.

Na ugonjwa si wa jana. Netscape 1.1 ya mwaka 1995 ndiyo iliyoleta picha nyuma ya ukurasa, na watu hawakuchelewa: kurasa zikajaa nyota, matofali na marumaru, na maandishi ya rangi zote juu yake. Tuliwacheka. Leo badala ya nyota tunaweka picha za drooni, mengine yale yale.

Kinachouma ni kwamba sisi hapa hatukuhitaji kufundishwa na W3C. Angalia kanga. Pindo limejaa, mji umejaa korosho na maua, rangi zinapiga kelele, lakini jina limetengewa sehemu yake, kwenye rangi moja, herufi nene. Mwanamke anapita ng'ambo ya barabara na ujumbe wake umeshamfikia jirani aliyekusudiwa. Mchora kanga hakulimwaga jina juu ya maua akasema "inapendeza zaidi".

NYONGEZA: Naona majibu yamekuwa mengi, najibu kwa pamoja.

Anayesema "mteja ndiye anayetaka hivyo": mteja alitaka ukurasa mzuri. Hakukuambia uifiche namba yake ya malipo. Kama umemweleza akakataa, hapo nakuelewa. Wangapi mmewaeleza?

Aliyependekeza kivuli cha herufi: kwenye kichwa cha habari chenye herufi nene kinasaidia, sibishi. Manukuu ya filamu yanasomeka juu ya kila aina ya picha kwa sababu ya ule wino mweusi unaozunguka herufi. Ila ukikiweka kwenye aya ya herufi ndogo nyembamba kinageuka masizi. Mwandiko unakuwa mzito na bado hausomeki. Kwa aya tumia boksi la rangi moja, usiogope boksi.

Mkuu uliyesema nanunua simu mbovu halafu nalaumu websaiti: simu yangu inasoma uzi huu bila tabu, herufi nyeusi kwenye nyeupe. Endelea kunishauri ninunue nyingine, ada ya dogo utalipa wewe.

Kuna mmoja kanitumia kiungo PM, anatengenezea hoteli ya pwani, anaomba nimkosoe bila huruma. Nimeuangalia, na kwa kuwa ameruhusu nijibu hapa wengine wafaidike, haya. Bei za vyumba umeziandika kwa njano juu ya picha ya mchanga. Njano hiyo safi juu ya nyeupe tupu ni 1.07 kwa 1, na mchanga wako wa saa sita mchana hauko mbali na nyeupe. Usihangaike na kivuli wala ukungu. Zitoe bei zote kwenye picha, zishushe chini yake kwenye jedwali, nyeusi juu ya nyeupe. Jina la hoteli libaki juu ya picha kama unalipenda, na utando wa 60. Kitufe cha kuweka nafasi kipe rangi yake nzima, acha huo mtindo wa kitufe chenye mstari pembeni na mchanga katikati, nilikitafuta. Na lile faili la ufukwe lipunguze, MB zote zile za mchanga hazijamuuzia mtu chumba.