Re: Je, tujifunze Kichina kabla ya kuja Ghuba?

Ndugu zangu, assalamu alaykum.

Kijana wetu aliyeko Mombasa ameuliza kama ni busara kutumia mwaka mzima kujifunza Kichina kabla ya kuja kutafuta kazi huku, kwa kuwa anasikia kwamba siku hizi Uchina ndiyo yenye sauti. Alichosikia si uongo. Mafuta ghafi ya Omani, kwa sehemu kubwa kabisa, hununuliwa na Uchina. Kampuni yake ya umeme, State Grid, ilinunua asilimia 49 ya hisa za kampuni inayosafirisha umeme nchini humu. Na ni Beijing, Machi 2023, ambako Saudia na Iran zilikubaliana kurudisha uhusiano wa kibalozi.

Lakini anayenunua mafuta siye lazima atakayekuajiri. Katika ofisi nyingi za hapa Maskati, utakayemkuta akipokea maombi ya kazi, au akishika hesabu, ni Mhindi, na Wahindi wapo hapa tangu enzi za rupia ya India kutumika madukani. India nayo haikulala: ilitia saini mkataba wa biashara na Falme za Kiarabu Februari 2022, na mwaka uliofuata ikalipia mapipa milioni moja ya mafuta ya Abu Dhabi kwa rupia. Kwa maoni yangu, Kiarabu cha kuandika na Kiingereza cha ofisini vitamfaa kijana huyo mapema zaidi, isipokuwa kama analenga kuagiza bidhaa kutoka Dragon Mart, soko kubwa la bidhaa za Kichina huko Dubai, ambako Kichina kidogo husaidia katika kupatana bei.

Akipata nafasi Duqm, mji wa bandari wa Omani, ambako Wachina walikubaliwa mwaka 2016 kujenga eneo la viwanda, aulize kwanza habari za malazi, maana ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Maskati. Kisha asome mkataba. Awe mwajiri ni Mchina au Mhindi, sheria ni ya Omani, ile ya mwaka 2023, na kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake. Riali 300 zenye msingi wa 120 na posho ya 180 si sawa hata kidogo na riali 300 zenye msingi wa 250, ingawa mwisho wa mwezi mkono hupokea kiasi kile kile.

Wenu, Maskati

---

Shukrani, kaka. Naongeza la kutuma fedha, kwa sababu wapo wanaoziweka wakisubiri mafuta yauzwe kwa yuani, fedha ya Uchina, wakidhani ndipo watapata zaidi. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwa dola tangu 1997, yaani thamani yake mbele ya dola haibadiliki, dola moja kwa dirhamu 3.6725, na riali ya Omani vilevile imefungwa kwa dola. Kinachobadilisha kiasi anachopokea mama nyumbani ni shilingi yetu kupanda au kushuka mbele ya dola, pamoja na kiwango cha duka la kubadilishia fedha. Baadhi ya maduka hayo hutangaza ada ndogo huku yakijilipa kwenye kiwango hicho, basi ulizeni mpokeaji atapata shilingi ngapi kamili.

Dada yenu, Abu Dhabi