Taa za tela: zikijaribiwa kwa betri zinawaka, zikichomekwa kwenye Hilux zinavurugika

ChumviUvinza

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada. Nina tela la ekseli moja, linabeba chumvi kutoka Uvinza kwenda Kigoma mjini na Kasulu, na linavutwa na Hilux ya 12V. Plagi ni ya pini saba, balbu ni za kawaida.

Nikipeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye tela, kila taa inawaka vizuri. Nikichomeka kwenye gari, taa za paki zinafifia. Nikikanyaga breki, hizo paki zinazimika kabisa na za breki haziwaki. Indiketa ya kushoto ikiwashwa, tela lote linapepesa kwa mbali, kulia na kushoto. Isitoshe, tangu mvua zianze fyuzi ya TAIL ya gari (ile ya taa za paki) imeungua zaidi ya mara moja. Taa za gari lenyewe hazina shida, na balbu za tela ni mpya zote.

Fundi mmoja kanishauri nibadilishe soketi ya gari, mwingine anasema nivute waya upya tela zima. Nianzie wapi kabla sijaingia dukani?

---

FundiWaya_Gungu

Mkuu, usinunue kitu kwanza. Paki kuzimika ukikanyaga breki ni dalili ya arthi mbovu (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri), na kwa maelezo yako naitilia shaka arthi ya tela, si ya gari.

Sababu ni hii. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili zinazowaka ndani, wa paki (5W) na wa breki (21W), na zote zinarudisha umeme kupitia arthi moja. Arthi ikikatika, umeme wa paki unatafuta njia ya kurudi kupitia nyuzi nyingine, ndiyo maana unaona mwanga hafifu. Ukikanyaga breki, umeme unaingia pia kwa upande wa breki, na ule uzi wa paki unakuwa na 12V mwanzo na mwisho. Pasipo tofauti ya volti hakuna mwanga. Indiketa kupepesa pande zote mbili ni jambo hilohilo.

Sasa jibu swali moja: ulipojaribu kwa betri, klipu ya hasi uliibana wapi? Kama uliibana kwenye chuma cha tela, uliiruka sehemu yenyewe inayosumbua. Rudia hivi: hasi ya betri iguse pini namba 3 ya plagi, chanya iguse pini moja moja. Namba zimechongwa kwenye plastiki, zisome hapo hapo. Usihesabu kwa macho, kwa sababu ukiitazama plagi upande wa nyaya mpangilio unageuka kama kwenye kioo.

1 (njano) – indiketa kushoto
2 (bluu) – taa ya ukungu, mara nyingi haina kazi
3 (nyeupe) – arthi
4 (kijani) – indiketa kulia
5 (kahawia) – paki kulia
6 (nyekundu) – breki
7 (nyeusi) – paki kushoto

Rangi usiziamini sana kwenye tela lililopita mikono mingi. Amini namba.

Taa zikivurugika ukitumia pini 3, ugonjwa uko ndani ya tela. Zikiwaka vizuri, basi rudi kwenye gari.

---

Mzee wa Spana

Naongezea upande wa gari, maana huko watu wanadanganywa na mita. Waya uliobaki nyuzi mbili tatu za shaba bado utaonyesha 12V ukipima bila mzigo. Ukiutwisha mzigo, unalala. Kwa hiyo tengeneza testa ya balbu ya 21W, iunganishe na vipande viwili vya waya, mguu mmoja kwenye pini 3 ya soketi, mwingine uzungushe pini 1, 4, 5, 6 na 7 huku mwenzako akiwasha taa moja moja. Iwake kwa nguvu kila mahali. Ikiwa hafifu kwenye pini zote, arthi ya soketi ndiyo mbovu. Ikiwa hafifu kwenye pini moja, fuata waya wa hiyo moja hadi ulipounganishiwa nyuma ya taa ya gari. Viungo vya kubana vya plastiki, vile vinavyokata ganda la waya, ndivyo vinavyooza mapema.

Na ule mpira wa chuma wa kuvutia tela (towball) usiufanye arthi. Una grisi, una kutu, na unachezacheza safari nzima. Breki mbili za 21W, paki mbili na taa ya namba za 5W, pamoja na indiketa moja vinavuta kama ampea 6.5. Kiungo chenye nusu ohmu tu kinakula zaidi ya volti 3 hapo.

Kuhusu fyuzi: usipandishe ampea, na usifunge waya mahali pake. Kuna nyaya za paki zinazogusa chuma.

---

ChumviUvinza

Asanteni sana. Klipu ilikuwa kwenye chuma kweli. Nimerudia kwa pini 3, taa zimevurugika vilevile. Soketi ya gari nimeipima kwa balbu ya 21W, pini zote zinawaka kwa nguvu. Kwa hiyo ni tela. Waya mweupe unatoka kwenye plagi na kuishia kwenye bolti ya mkono wa tela (chuma cha mbele kinachoshikana na gari). Na huo mgusano wa fyuzi nautafutaje bila kuunguza fyuzi nyingine?

---

FundiWaya_Gungu

Hiyo bolti ndiyo yenyewe. Mkono wa matela mengi umefungwa kwa bolti kwenye fremu, na katikati kuna rangi na kutu. Waya umefika kwenye mkono, lakini umeme haufiki kwenye taa.

Usitegemee chuma tena. Vuta waya wa arthi wa milimita mraba 2.5 kutoka pini 3 hadi kila taa ya nyuma, halafu funga tawi moja kwenye fremu: piga msasa mpaka chuma king'ae, weka teminali ya duara na washa ya bolti yenye meno, kaza, paka grisi juu. Ukimaliza, washa taa zote, weka mita ya volti kati ya hasi ya betri ya gari na mguu wa arthi wa balbu ya nyuma. Isizidi 0.5V.

Mgusano: toa balbu zote za tela. Chanya ya betri ipitie kwanza kwenye testa yako ya 21W, ndipo iingie pini 5, kisha pini 7. Hasi iwe pini 3. Kwa kuwa hakuna balbu ndani ya tela, testa haitakiwi kuwaka. Ikiwaka, huo ndio waya unaogusa. Iache ikiwaka, pita ukitikisa kebo polepole kuanzia kwenye plagi. Ukiona testa inapepesa, simama hapo. Anza na tundu ambalo kebo inapenya kwenye mkono wa tela, chuma kikali kinakata ganda.

---

Kibirizi_Boti

Kwa tela la chumvi, chubua sentimita mbili za waya ukague shaba. Ikiwa nyeusi au ya kijani, kata rudi nyuma mpaka uipate nyekundu inayong'aa. Isipopatikana, badilisha kipande chote. Maji ya chumvi yanapanda ndani ya ganda, kusafisha ncha peke yake hakusaidii. Nyaya za taa za milimita mraba 1.5 zinatosha. Acha mzingo karibu na plagi ili gari likikata kona kebo isivutwe, lakini usiburuze chini. Kwenye lile tundu weka raba.

Pia soma maandishi kwenye kitako cha balbu. Balbu za 24V za Canter zinaingia vizuri kwenye tela lako, ila kwa 12V zitafifia hata waya ukiwa mpya.

---

ChumviUvinza

Mgusano umepatikana: waya wa kahawia umechubuka kwenye tundu la mkono, kama fundi alivyosema. Shaba ni nyeusi, nabadilisha kebo yote. Je, kwa kazi hii nihamie taa za LED?

---

Mzee wa Spana

Hamia, kwa chumvi zinafaa, mradi ziwe zimezibwa kiwandani na waya unatoka ukiwa umeunganishwa tayari, bila kifuniko cha skrubu. Chukua zilizoandikwa 10–30V, zitakubali Hilux na Canter. Waya wa hasi wa kila taa uuunganishe na ule waya wa arthi wa 2.5, usiufunge kwenye bolti ya taa.