Kistari kimoja kimempotezea mpwa wangu kazi, hapa Tanga

Wakuu, salaam. Nimekuja na hasira na sitaificha.

Mpwa wangu alikuwa msimamizi wa zamu kwenye ghala moja hapa mjini. Mkataba wake wa mwaka mmoja ulikuwa unaisha tarehe 30. Wiki moja kabla, ofisi ikarusha ujumbe kwenye grupu lao la WhatsApp, Kiingereza kitupu: wote ambao mikataba inaisha waje "to resign" kabla ya Ijumaa. Kijana akausoma mara tatu. Hakulala. Asubuhi akaenda steshenari Ngamiani, akachapiwa barua ya kuacha kazi, akaipeleka. Nakala ninayo hapa mezani: mistari sita, saini imepinda, muhuri wa bluu wa mapokezi.

Kumbe walitaka "re-sign". Waje wasaini upya! Wenzake waliopita kuuliza kwa mdomo walisaini na wako kazini mpaka leo. Yeye aliyefuata maandishi akaambiwa, "Umeacha mwenyewe, barua yako tunayo." Ananiuliza, "Mjomba, kwani si ndivyo walivyoandika?" Ndivyo walivyoandika!

"Sign" peke yake tayari ni mzigo: kutia saini, kibao cha barabarani, dalili ya ugonjwa, nyota ya mnajimu, klabu kusajili mchezaji. Libandike "re" bila kistari, ni kuacha kazi. Weka kistari, ni kusaini tena. Mchezaji wa Coastal Union akiongeza mkataba, hiyo ni "re-sign". Kocha akibwaga manyanga, ni "resign". Kwa mdomo utayatofautisha, maana la kuacha kazi lina sauti ya z na la kusaini upya lina s. Kwenye kioo cha simu utaisikia wapi hiyo z?

Na asije mtu hapa kusema kijana hajui Kiingereza. Wenye lugha yao kistari kinawatoa jasho. Mwaka 2007 kamusi ya Shorter Oxford iliondoa vistari vipatavyo 16,000 kwa mpigo, kwa kuwa watu hawana tena uhakika navyo. "Bumble-bee" ikawa "bumblebee", "ice-cream" ikawa "ice cream". Hapo maana haikuharibika. Kwenye "re-sign" kistari ndicho maana yenyewe, na aliyeandika ujumbe ule alikiacha.

Kinachonichoma zaidi: ghala zima, kuanzia bosi hadi mlinzi wa getini, wanaongea Kiswahili kutwa. "Njooni msaini mikataba mipya." Maneno manne, nani angekosea? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi asiyeelewa masharti ya ajira yake anaelezwa kwa namna anayoielewa. Mwaka 2021 hata lugha ya sheria za nchi ilifanywa kuwa Kiswahili. Ninyi wa ghalani mnamwandikia nani Kiingereza?

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inatoa siku 30 za kupeleka lalamiko la kuachishwa kazi. Leo ni ya 19. Najua watang'ang'ania kwamba hakuachishwa, ameacha. Ujumbe wao nimeuchapisha, na wenzake wawili wamekubali kueleza walichoambiwa siku ile. Jumatatu naenda naye. Aliyewahi kusimama na barua ya namna hii mbele ya Tume anieleze alianzia wapi.